Namna ya Kupata Nukuu za Bima kwa Gari Lenye Marekebisho Madogo: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari Tanzania Bara

Wenye magari wengi hukwama mahali pamoja. Mtu hupiga simu kwa wakala, hutaja aina ya gari na mwaka wa kutengenezwa, hupewa bei na kulipa. Ajali inapotokea, mtathmini wa hasara hukuta mtungi wa gesi kwenye buti, rimu za inchi 18 na redio yenye skrini kubwa, vitu ambavyo havimo katika karatasi hata moja ya kampuni. Kuanzia hapo fidia huwa mgogoro, na chanzo chake ni siku ile ya kuomba bei, kwa sababu bei iliyotolewa ilihusu gari kama lilivyoshuka bandarini.

Mwongozo huu unahusu gari binafsi lililosajiliwa Tanzania Bara na kufanyiwa marekebisho ya kawaida: rimu na matairi, keria ya juu, muziki, taa za ziada, springi, chuma cha kinga mbele ya bampa, au mfumo wa gesi asilia iliyoshindiliwa, yaani CNG. Lengo ni kupata nukuu, yaani bei na masharti ambayo kampuni inakuandikia kabla hujalipa, tatu au nne zinazolinganishika, zote zikiwa za gari lile lile lililoegeshwa nyumbani kwako.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kupiga simu yoyote

- Nakala ya kadi ya gari, kitambulisho cha taifa na namba ya TIN ya mmiliki.
- Mkataba wa bima unaoisha, pamoja na barua ya kampuni inayoonyesha miaka ambayo hukudai fidia.
- Risiti za EFD za kila kifaa kilichoongezwa na gharama za ufundi.
- Cheti cha fundi au karakana iliyofunga mfumo wa gesi, kama upo.
- Picha za gari zilizopigwa mchana, angalau nane.
- Ripoti ya uthamini, kama gari lina thamani kubwa au vifaa vingi.

Risiti zikikosekana, rudi dukani au kwa fundi uombe nakala kabla hujaendelea. Bila karatasi, thamani ya kifaa chako itaamuliwa na makadirio ya mtathmini, na makadirio hayo hufanyika baada ya hasara, wakati ambapo wewe huna nguvu ya kujadiliana.

## Hatua ya 1: Kagua gari na uandike orodha kamili

Lizunguke gari taratibu, kuanzia mbele hadi nyuma, kisha ndani, kisha chini ya boneti. Andika kila kitu ambacho hakikutoka kiwandani, hata kama kilifungwa na mmiliki aliyekutangulia. Wengi huteleza hapa: walilinunua gari likiwa na ekzosi nyingine au likiwa limenyanyuliwa, wakadhani ndivyo lilivyotengenezwa. Kampuni haitajali nani alikifunga. Itauliza kama ulikitaja.

Kwa kila kitu andika mambo manne: ni nini, kimefungwa wapi, kilifungwa lini na kwa bei gani.

Anza na tairi. Ukiinama ubavuni mwake utaona maandishi kama 235/55R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kisha fungua mlango wa dereva, utafute kibandiko kinachoonyesha saizi ya kiwandani. Tuseme gari ni Toyota RAV4 ambayo kibandiko chake kinasema 225/65R17. Tairi la kiwandani lina kimo cha takriban milimita 724 na hilo jipya la 235/55R18 takriban milimita 716, tofauti inayozidi kidogo tu asilimia moja. Andika saizi zote mbili katika orodha. Afisa wa bima anayeona kwamba kimo cha tairi karibu hakikubadilika hana sababu ya kuhofia usahihi wa spidi wala breki, na ombi lako halitakaa mezani kwa maswali.

Mtungi wa CNG unahitaji uangalifu zaidi kuliko kitu kingine chochote katika orodha, kwa kuwa hubeba gesi kwa shinikizo la takriban ba 200. Shingoni au ubavuni mwake pamechongwa au kubandikwa namba ya mtungi, tarehe ya kutengenezwa, shinikizo la kazi na tarehe ya upimaji. Futa vumbi, piga picha ya karibu hadi kila tarakimu isomeke, kisha nakili tarakimu hizo kwenye orodha na uzilinganishe na cheti cha aliyeufunga. Zikitofautiana, usiendelee na maombi ya bima. Rudi karakana upate maelezo, kwa sababu gari lenye mtungi usiotambulika ni hatari kwa waliomo ndani yake kabla halijawa tatizo la bima.

Dalili ya mafanikio: una ukurasa mmoja ambao mtu asiyelijua gari lako anaweza kuushika, akalizunguka gari na asikute kitu kisichoandikwa.

## Hatua ya 2: Gawa marekebisho kwa uzito wake

Kampuni haiyatazami marekebisho yote kwa jicho moja, na wewe pia uyagawe kabla hujayatuma.

Kundi la kwanza ni yale yanayogusa mwendo, breki, mafuta au uimara: injini iliyobadilishwa, turbo, kompyuta ya injini iliyopangwa upya, springi na shokapu, mfumo wa gesi. Haya yanaweza kubadilisha ada, masharti, au hata uamuzi wa kukukubali. Yataje kwanza.

Kundi la pili ni yale yanayobadilisha umbo au uzito, kama keria, chuma cha kinga, rimu na rangi mpya. Kundi la tatu ni vifaa vinavyopandisha thamani na kuvutia wezi: redio, spika, kamera. Kundi hili kwa kawaida halizui ubishi juu ya usalama, lakini ndilo ambalo watu hulipoteza bila kulipwa, maana mikataba mingi huweka kikomo kidogo kwa redio na vioo isipokuwa umelipia nyongeza.

Angalizo: bima haihalalishi kitu ambacho Sheria ya Usalama Barabarani haikiruhusu. Kama taa zako za ziada zinawapofusha wanaokuja mbele, au tinti ni nzito kiasi cha kumzuia dereva kuona pembeni usiku, zitoe au zirekebishwe kwanza.

## Hatua ya 3: Hakikisha kadi ya gari inasema kweli

Kadi ya gari hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na ina namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na aina ya bodi. Kama injini ilibadilishwa au gari lilipakwa rangi nyingine, kadi nayo inapaswa kubadilishwa. Piga picha ya namba ya injini ilivyochongwa kwenye chuma, uilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu.

Sababu ni nyepesi kueleza: nukuu, stika na mkataba vyote hujengwa juu ya taarifa za usajili. Ukikata bima wakati kadi inaonyesha injini isiyokuwemo, umeipa kampuni hoja ya kwanza ya kulitilia shaka dai lako, na polisi nao watakuwa na maswali yao. Anza na ofisi ya TRA, kamilisha mabadiliko, ndipo uombe bei. Rimu, redio na keria havihitaji hatua hii.

## Hatua ya 4: Pata thamani sahihi ya gari pamoja na vifaa

Kwa bima kubwa, yaani ile inayolipia pia hasara ya gari lako mwenyewe, ada hukokotolewa kutokana na thamani unayoitangaza, kwa hiyo wengi hushawishika kuishusha. Usifanye hivyo. Mikataba mingine ina kipengele cha uwiano: gari la shilingi 20,000,000 likikatiwa bima kwa 15,000,000, hasara ya shilingi 4,000,000 inaweza kulipwa kwa robo tatu tu, yaani 3,000,000, na hapo ekses bado haijakatwa. Ekses ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe.

Tuchukue hesabu kamili. Gari lina thamani ya sokoni ya shilingi 18,000,000. Rimu na matairi ni 1,600,000, keria 600,000, redio na spika 900,000, mfumo wa gesi 1,900,000. Jumla ni 23,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ambacho ni cha kawaida kwa bima kubwa ya gari binafsi, ada ni shilingi 805,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 144,900, upate 949,900. Bila vifaa, gari lile lile lingegharimu 743,400. Kwa hiyo ulinzi wa vifaa vya shilingi milioni tano unagharimu shilingi 206,500 kwa mwaka, na kwa maoni yangu kiasi hicho ni kidogo kulinganisha na kinacholindwa.

Tumia bei ya soko ya leo. Rimu ulizonunua miaka mitatu iliyopita na kuzigonga kwenye ukingo wa barabara hazirudi kwenye bei ya dukani, na kampuni itatoa uchakavu hata kama hukuutoa wewe. Kutangaza thamani iliyozidi nako hakuna faida, kwa kuwa fidia hurejesha hasara halisi.

Dalili ya mafanikio: una tarakimu mbili tofauti, thamani ya gari na thamani ya vifaa, kila moja ikiwa na karatasi nyuma yake.

## Hatua ya 5: Tuma maelezo yale yale, kwa maandishi, kwa kila kampuni

Hii ndiyo hatua inayookoa. Ukitoa maelezo kwa simu kwa wakala huyu, kwa ujumbe mfupi kwa yule, na kwa mazungumzo ya kaunta kwa wa tatu, utapata bei tatu za magari matatu ya kufikirika. Andika barua moja na uitume bila kubadilisha neno. Iwe fupi hivi:

> Ndugu Afisa Bima,
>
> Ninaomba nukuu ya bima kubwa ya mwaka mmoja kwa gari binafsi lenye namba ya usajili iliyo kwenye kadi niliyoambatanisha. Thamani ya gari ni shilingi 18,000,000 na thamani ya vifaa vilivyoongezwa ni shilingi 5,000,000, kwa mchanganuo ulio katika orodha.
>
> Gari limefungwa mfumo wa CNG. Cheti na picha ya mtungi vimeambatanishwa. Gari linatumika kwa safari za binafsi na kwenda kazini, na madereva ni wawili.
>
> Ninaomba nukuu ionyeshe ada kabla na baada ya VAT, ekses, kikomo cha fidia kwa vioo na redio, na ithibitishe kwa maandishi kwamba marekebisho yote yaliyo katika orodha yamepokelewa.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Jibu la “hamna shida, boss” kwenye simu halitakusaidia mbele ya mtathmini; barua pepe inayotaja orodha yako itakusaidia.

Unaweza kutuma moja kwa moja kwa makampuni, au kupitia dalali wa bima anayefanya kazi na makampuni kadhaa. Kwa gari lenye marekebisho mimi napendelea dalali, kwa kuwa anajua ni idara gani za uandikishaji, yaani zinazoamua kukubali au kukataa maombi, zilizozoea magari ya CNG na zipi huyakwepa. Wakala mara nyingi huuza bidhaa za makampuni machache na huenda asiwe na mamlaka ya kukubali jambo lisilo la kawaida, hivyo mwombe apeleke orodha makao makuu na akuletee jibu lao. Kabla ya kumpa mtu yeyote nyaraka zako, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA.

Angalizo kuhusu matumizi: gari la CNG linalobeba abiria kwa programu ya simu, hata jioni tu, si gari la matumizi binafsi. Kuficha kazi hiyo ni kosa zito kuliko kuficha rimu, kwa sababu linagusa kila safari unayofanya. Litaje, hata kama ada itapanda.

## Hatua ya 6: Soma majibu kwa makini kabla ya kutazama bei

Ruka tarakimu kwanza. Tafuta mambo haya katika kila jibu.

Je, marekebisho yametajwa? Kama nukuu inaonyesha aina ya gari na thamani tu, irudishe ukiomba iongezewe orodha. Wasipotaka kuiandika, chukulia kwamba hawajakukubalia, uendelee na wengine.

Je, vifaa vina kikomo chake? Kampuni inaweza kukubali thamani ya jumla ya milioni 23 na bado ikaweka kikomo cha redio chini ya bei uliyoitangaza. Omba nyongeza kwa tofauti hiyo, au amua kwa kujua kwamba redio hiyo unailinda mwenyewe.

Je, kuna sharti? Kwa CNG wanaweza kutaka upimaji wa mtungi usiwe umepitwa na wakati. Kwa gari lenye vifaa vya thamani wanaweza kutaka kifaa cha kufuatilia gari. Sharti usiloweza kulitimiza kila siku ni sababu tosha ya kuacha nukuu hiyo, hata ikiwa rahisi kuliko zote.

Ukishamaliza, ndipo ulinganishe bei, ukiweka ekses pembeni yake. Tuseme kampuni ya kwanza inatoza asilimia 3.5 na ekses ya asilimia 10 ya dai, wakati ya pili inatoza asilimia 4 na ekses ya asilimia 5. Kwa gari letu la milioni 23, ya pili ni ghali kwa shilingi 135,700 kwa mwaka pamoja na VAT. Ukipata ajali ya hasara ya milioni 6, ya kwanza itakuachia ekses ya 600,000 na ya pili 300,000. Anayeendesha kila siku katika foleni za Dar es Salaam ana sababu ya kutafakari ya pili. Anayelitoa gari mwisho wa wiki tu anaweza kubaki na ya kwanza.

## Kama unakata bima ndogo

Bima ndogo hulipa madhara unayowasababishia wengine, kwa hiyo haitakulipia rimu wala redio, na kwa gari dogo la binafsi bei iliyozoeleka kwa muda mrefu ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Hakuna mengi ya kulinganisha. Hata hivyo, taja marekebisho ya kundi la kwanza. Mikataba mingi huipa kampuni haki ya kukudai wewe fedha ilizomlipa mtu wa tatu, ikiwa ulificha jambo la msingi kama mfumo wa gesi au injini iliyobadilishwa.

## Hatua ya 7: Jaza fomu, kubali ukaguzi, lipa, kisha hakiki stika

Jaza fomu ya maombi kwa mkono wako mwenyewe. Wakala akijitolea kukujazia, mshukuru, lakini soma kila jibu kabla ya kutia saini, kwa kuwa saini ni yako. Penye swali la kama gari limebadilishwa, andika “Ndiyo, tazama orodha iliyoambatanishwa”, utie saini na tarehe kwenye orodha hiyo pia.

Kampuni ikituma mkaguzi, mwonyeshe kila kitu. Fungua buti, mwonyeshe mtungi, washa redio. Omba nakala ya ripoti yake, au ipige picha kabla hajaondoka.

Lipa kwa kampuni yenyewe kwa namba ya malipo iliyo kwenye ankara, maana pasipo malipo hakuna bima, na fedha iliyobaki mfukoni mwa mtu wa kati haijawa malipo. Baada ya kulipa, ingia katika mfumo wa TIRA-MIS na uhakiki stika kwa namba ya usajili wa gari. Tazama kama aina ya bima ni ile uliyolipia, tarehe ni sahihi na matumizi ya gari yameandikwa ipasavyo. Ukikuta bima ndogo mahali ulipolipia kubwa, piga simu siku hiyo hiyo.

Kisha dai mkataba kamili. Stika haionyeshi marekebisho. Mkataba na nyongeza zake ndivyo vinavyoonyesha.

Dalili ya mafanikio: una mkataba unaotaja thamani ya gari, thamani ya vifaa na orodha yako, na stika inayoonekana katika mfumo.

## Kampuni ikikataa, au ikigeuka baadaye

Omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi jambo linalokwamisha ni moja tu, kwa mfano cheti cha mtungi au kadi isiyolingana na injini, nalo hurekebishika. Usihamie kampuni nyingine na kulificha lile lililofanya ukataliwe na ya kwanza, kwa sababu fomu nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa.

Kama dai limekataliwa kwa hoja ya marekebisho uliyoyatangaza, anza kwa kuwasilisha malalamiko kwa kampuni ukiambatanisha barua pepe ya hatua ya 5. Msipofikia mwafaka, peleka suala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.

## Ukiongeza kitu katikati ya mwaka

Tuma barua ile ile, ukibadilisha orodha na thamani, kabla fundi hajaanza kazi. Kampuni itakujibu kwa nyongeza ya mkataba na pengine ada ya miezi iliyobaki. Ukitoa kifaa, kwa mfano ukauza rimu na kurudisha za kiwandani, toa taarifa vilevile ili thamani ishuke wakati wa kuhuisha bima. Kwa mfumo wa gesi, usilichukue gari karakana kuliingiza barabarani hadi hiyo nyongeza iwe imekufikia, hata ikikulazimu kuliacha hapo siku mbili zaidi.